Maua ya Porini: Piga Picha, Kisha Andika



Mvua za masika zikisha kupita, kisiwa chetu cha Pemba huvaa nguo mpya. Kandokando ya njia, makondeni, juu ya mawe na mchangani pwani, maua hutokeza mahali ambapo wakati wa kiangazi palikuwa pakavu kabisa. Waarabu wa zamani walikiita kisiwa hiki Al-Khudra, yaani Cha Kijani. Hawakukosea.

Siku hizi watu wengi vijijini wana simu zenye kamera. Mtu anapita zake, anaona ua zuri, anainama, anapiga picha. Ni jambo jema. Lakini hebu mwulize mtu huyo baada ya miezi sita: Ua hili ni la mmea gani? Uliliona wapi? Lilikuwa mwezi gani? Mmea wenyewe ulikuwa mrefu au mfupi? Atakuna kichwa. Picha anayo, lakini picha ni bubu.

Katika makala haya tutaeleza namna ya kupiga picha ya ua la porini ili picha hiyo iwe na faida. Na faida yenyewe si ya kupamba ukuta tu. Maua ndiyo yanayotusaidia kuutambua mmea. Ukiutambua mmea, umejua kama ni dawa, ni chakula, au ni sumu. Hilo ni jambo la uhai na kifo, na mwenye watoto wadogo nyumbani anaelewa ninachosema.

Jina moja, mimea miwili

Tuchukue mfano mmoja. Mtoto ametafuna mbegu kichakani. Anatapika na kuharisha. Mama anambeba mbio mpaka hospitali. Daktari anauliza: "Amekula nini?" Mama anajibu: "Amekula mbono."

Mbono upi? Watu wengi wa pwani wanauita mbono ule mmea ambao wengine huuita mbarika. Majani yake ni makubwa, yamegawanyika kama vidole vya mkono, na mbegu zake zina madoadoa. Lakini upo pia mbono kaburi, unaopandwa penye makaburi na kwenye nyua. Jani lake halikugawanyika kama la mbarika, na likikatwa hutoa utomvu. Mimea hii ni ya ukoo mmoja, na mbegu za yote miwili zina sumu. Lakini sumu zenyewe ni mbalimbali. Sumu ya mbarika ni kali mno kama mbegu imetafunwa, na mgonjwa anaweza kuzidiwa baada ya siku moja au mbili hata kama mwanzo alionekana ana nafuu. Basi daktari akijua ni mbono upi, atajua amwangalie mtoto kwa muda gani.

Hapo picha ingesaidia. Tena si picha ya ua peke yake. Picha ya jani, ya tunda, na ya mmea mzima.

Nataka jambo hili lieleweke vizuri. Mtoto akila kitu cha porini ukashuku ni sumu, usikae kupiga picha nzurinzuri. Mkimbize hospitali kwanza. Mtu mwingine wa nyumbani ndiye abaki nyuma apige picha ya mmea, au akate kitawi chenye jani na tunda, kisha afuate. Na mkono ulioshika mmea uoshwe kwa sabuni.

Majina yana mambo. Mmea mmoja unaweza kuwa na jina moja Micheweni na jina jingine Mkoani, na ukivuka kwenda Unguja au Tanga ukakuta jina la tatu. Kwa sababu hiyo wataalamu wa mimea duniani hutumia majina ya Kilatini yenye maneno mawili. Utaratibu huo uliwekwa na Carl Linnaeus, mtu wa Sweden, katika kitabu alichokitoa mwaka 1753. Jina la Kilatini ni lile lile Pemba, China na Brazili. Lakini jina la Kilatini halikuambii bibi zetu waliutumia mmea huo kwa kazi gani. Jina la kijijini ndilo linalofungua mlango wa maarifa hayo. Mimi naona yote mawili yanatakiwa, na la kijijini ndilo lililo hatarini zaidi, kwa sababu wazee wanaolijua wanaondoka.

Wapemba na tumba la ua

Mtu asije akatuambia kwamba Wapemba hatujui kutazama maua. Karafuu ni nini? Karafuu ni ua ambalo halijafunguka. Ni tumba. Mchumaji hodari huutazama mkarafuu akajua leo tumba limefika, na kesho kutwa litakuwa limechelewa. Likishafunguka, bei imekwenda. Mtoto wa Pemba anajua kutenga karafuu na makonyo yake kabla hajajua kuandika jina lake.

Jicho hilo hilo ndilo linalotakiwa porini. Tazama tumba, tazama ua lililofunguka, tazama kikonyo, tazama tunda linalofuata. Vyote hivyo ni alama. Ua peke yake linaweza kufanana na la mmea mwingine, lakini ni vigumu tumba, kikonyo, jani na tunda vyote vifanane.

Wakati wa kupiga picha

Haya, sasa tuingie kwenye kazi yenyewe.

Kwanza, ujue saa ya ua lako. Kila ua lina saa zake. Ukienda pwani asubuhi utaona ule mtambaazi unaofunika mchanga, wenye jani lililopasuka katikati mfano wa kwato ya mbuzi. Wengi wanauita mlakasa. Maua yake ya rangi ya zambarau huwa yamefunguka vizuri asubuhi. Ukienda alasiri, yale yale yamekunjamana kama kitambaa kilichokamuliwa. Mbuyu nao una kinyume chake. Ua lake kubwa jeupe hufunguka magharibi linapoingia giza, popo hulijia usiku, na kesho yake limeshanyauka na kuanguka chini. Mtu anaweza kupita chini ya mbuyu miaka arobaini asione ua lake likiwa bichi, kwa sababu kila siku anapita saa nne ya asubuhi. Yungiyungi la bluu la kwenye madimbwi hufunguka mchana.

Pili, mwanga. Watu wengi hudhani jua kali ndilo zuri kwa picha. Sivyo. Jua la saa sita hulifanya ua jeupe litoke kama limeungua, huoni mistari yake wala umbo lake, na kivuli huwa cheusi tititi. Asubuhi kati ya saa moja na saa tatu ni wakati mzuri. Jioni kuanzia saa kumi na moja pia. Siku ya mawingu ni nzuri kutwa nzima. Ikiwa huna budi kupiga picha mchana, mwenzako atandaze kanga juu ya ua ili lipate kivuli. Kanga nyepesi ni bora, maana mwanga unapita kidogo. Ukiwa na karatasi nyeupe ya daftari, iweke upande wenye giza. Itarudisha mwanga kwenye ua. Jaribu, utaona tofauti papo hapo.

Tatu, upepo. Hapa petu upepo wa kusi hauna huruma. Ua linayumba, picha inatoka ukungu mtupu. Shika kikonyo kwa vidole viwili chini kabisa, mahali ambapo vidole havitaonekana. Au chomeka kijiti ardhini, ukifunge kikonyo taratibu kwa uzi, halafu ukifungue baadaye. Au subiri tu. Upepo hupiga kisha hupumzika kidogo. Ukisubiri pumziko hilo, unapata picha.

Nne, lenzi, yaani kile kijicho cha kioo nyuma ya simu. Simu ya kijijini hushikwa na mikono yenye mafuta ya nazi, unga, na jasho. Kijicho hicho kikiwa na mafuta, picha zote hutoka kama zimepigwa ndani ya moshi. Kifute kwa kitambaa safi cha pamba kila unapoanza. Usitumie mchanga wala mate. Nacheka, lakini nimeona watu wakifanya hivyo.

Tano, umbali. Simu nyingi hazioni vizuri kitu kilicho karibu mno. Ukiisogeza mpaka ikaribie kuligusa ua, picha huvurugika. Anza kwenye umbali wa shibiri moja, kisha sogea kidogo kidogo. Gusa kioo cha simu kwa kidole pale penye ua, ili kamera ijue unataka kuona nini. Na usikuze picha kwa kupanua vidole viwili juu ya kioo. Ukifanya hivyo kwenye simu nyingi, hulisogelei ua, unalitanua tu, na alama ndogo zinapotea. Sogea wewe mwenyewe kwa miguu yako.

Sita, shuka chini. Ua likiwa chini kwenye nyasi, na wewe umesimama wima, utapata picha ya utosi wa ua. Piga goti. Lala kifudifudi ikibidi. Kamera iwe sawasawa na ua, kama unavyomtazama mtu usoni unapozungumza naye.

Picha moja haitoshi

Zamani, wakati wa filamu, mtu alikuwa na picha 24 au 36 basi. Akizimaliza, alipeleka filamu mjini ikasafishwe, na alilipa. Kwa hiyo alipiga picha moja ya kila kitu. Simu haina gharama hiyo. Kwa hiyo usilete ubahili usio na sababu. Kwa kila mmea piga angalau picha sita.

Picha ya kwanza ni ya mahali: mmea mzima pamoja na ardhi uliposimama. Je, ni mchanga? Ni maweni? Ni bonde la mpunga? Ni chini ya mikarafuu? Picha ya pili ni ya ua kwa mbele, na ya tatu ni ya ua kwa ubavu, maana ubavuni ndipo panapoonekana kama ua ni refu kama tarumbeta au limekaa kama sahani. Ya nne ni ya majani yakiwa juu ya tawi. Tazama kama yametoka mawili mawili yakikabiliana, au moja moja kwa zamu. Alama hiyo ni kubwa sana kwa wataalamu, na mtu asiyejua huiacha kila mara. Ya tano ni ya jani kwa chini, upande wa tumboni. Weka kiganja chako nyuma ya jani ili lionekane. Ya sita ni ya tunda au mbegu, kama ipo. Ikiwa ni mti, piga na gome.

Na katika picha moja kati ya hizo, weka kitu chenye ukubwa unaojulikana. Kiberiti kinafaa sana. Sarafu ya shilingi mia pia inafaa. Bila hicho, ua la ukubwa wa punje ya mchele na ua la ukubwa wa sahani yataonekana sawa.

Daftari ndiyo ulimi wa picha

Sasa tunafika mahali ambapo kisomo chako kinaingia. Wewe uliyejifunza kusoma na kuandika ukubwani, kazi hii imekaa vizuri mkononi mwako kuliko unavyodhani.

Wataalamu wa mimea wana nyumba za kuhifadhia mimea iliyokaushwa. Mmea hubanwa kati ya karatasi mpaka ukauke, kisha hubandikwa kwenye karatasi ngumu. Ipo nyumba kubwa ya namna hiyo Nairobi. Mwanzo wake ulikuwa Amani, kwenye milima ya Usambara, wakati wa Wajerumani, kisha mwaka 1950 ikahamishiwa Nairobi. Ipo nyingine Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Kwa kutumia mimea iliyokaushwa namna hiyo, wataalamu waliandika vitabu vya mimea ya Tanzania, Kenya na Uganda. Kazi hiyo ilianza kuchapishwa mwaka 1952, ikamalizika mwaka 2012. Miaka 60! Ndani yake imeelezwa mimea ya aina zaidi ya 12,000.

Sasa jambo la kushangaza ni hili. Kila jani lililobandikwa lina kipande cha karatasi pembeni: limechumwa wapi, tarehe gani, na nani, ardhi ilikuwaje, wenyeji wanaliitaje. Jani lisilo na kikaratasi hicho halina thamani kubwa, hata kama limekaushwa vizuri namna gani. Na picha yako ni hivyo hivyo.

Basi chukua daftari la kawaida. Kwa kila mmea andika mistari michache. Mfano:

"Na. 7. Tarehe 14 Juni 2025, saa mbili asubuhi. Micheweni, njia ya kwendea pwani, juu ya mawe, udongo kidogo. Mtambaazi, unapanda juu ya kichaka. Ua zambarau hafifu, dogo. Majani madogo madogo yamepangana kwenye kikonyo kimoja. Tunda kama ganda la kunde, mbegu nyekundu zenye doa jeusi. Utomvu sikuuona. Harufu hakuna. Jina: mturituri. Nimeambiwa na jirani, mzee wa miaka 70 hivi."

Umeona? Vitu ambavyo picha haiwezi kuvisema, daftari limesema. Harufu haipigwi picha. Utomvu huonekana ukikatwa tu. Jina halimo ndani ya picha kabisa.

Na kwa mmea niliouweka kwenye mfano, onyo. Mbegu za mturituri ni nzuri kwa macho, watoto huzipenda, na wengine huzitunga ushanga. Mbegu nzima ina ganda gumu na inaweza kupita tumboni bila madhara. Lakini ikitafunwa au ikitobolewa, sumu yake ni ya kuua. Usizichezee.

Namna ya kuuliza jina

Kuuliza nako kuna adabu yake. Usimwendee mzee ukamtia simu usoni, "Hiki nini?" Tuseme mjukuu amekwenda kwa bibi yake:

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mjukuu wangu. Hujambo?"

"Sijambo bibi. Nimekuja kukuuliza, huu mti huku kwetu waitwaje?"

Bibi anaitazama simu, anaisogeza mbali, anaisogeza karibu. "Aa, mwanangu, hapa mimi naona ua tu. Jani lake liko vipi? Ukilivunja latoka maziwa?"

Tazama, bibi ambaye hajaingia darasa la mimea hata siku moja ameuliza swali lile lile ambalo angeuliza mtaalamu wa Nairobi. Kwa hiyo mwonyeshe picha zote sita. Na ikiwezekana mpeleke penyewe, au mletee kitawi. Andika jina kama anavyolitamka yeye, usilirekebishe liwe la redioni. Kama anasema jina moja na jirani anasema jingine, andika yote mawili, na andika nani kasema lipi.

Wapo waganga ambao hawapendi dawa zao zijulikane. Hiyo ni riziki yao na amana waliyoachiwa. Akikwambia usiandike, usiandike. Vilevile, iko misitu midogo yenye mizimu na iko makaburi. Omba ruhusa kwa wenyewe. Na ukiwa kondeni usije ukanasa na watu kwenye picha, hasa akina mama walioko kazini, bila ya kuwaambia.

Maweni na Ngezi

Mahali pa kutafuta maua Pemba ni pengi, lakini mimi nina pawili ninapopapenda zaidi.

Pa kwanza ni maweni ya mashariki na kaskazini, upande wa Micheweni. Watu husema huko hakuna kitu, mawe matupu. Ni kweli udongo ni haba na maji hayakai. Mmea unaoishi huko umefunzwa na dhiki: jani dogo, au jani nene la kuweka maji, au miiba. Lakini mvua ikinyesha, mimea hiyo hufanya haraka kuchanua kabla ukavu haujarudi. Kwa hiyo mpiga picha wa maweni lazima awe mwepesi. Wiki mbili ukichelewa, umekuta maganda. Hivyo ndivyo ilivyo pia katika nchi za milima mikavu ulimwenguni, ambako watu hungoja mvua mwaka mzima ili waone maua ya siku chache.

Pa pili ni msitu wa Ngezi, kaskazini magharibi, baada ya Konde. Huko kuna mpapindi, mnazi wa porini ambao duniani kote asili yake ni Pemba tu. Lakini nataka kusema juu ya mmea mwingine, mdogo, ambao wapitao wengi hawautazami. Katikati ya Ngezi kuna mahali penye mchanga mweupe usio na rutuba, mvua imeosha chakula chote cha mimea. Hapo huota vichaka vyenye vijani vyembamba kama sindano, na viua vidogo sana mfano wa kengele. Wataalamu wanakiita *Erica mafiensis*, kwa sababu kinapatikana na kisiwani Mafia.

Sasa ndugu zake kichaka hiki wako wapi? Wako juu ya mlima Kilimanjaro, kwenye baridi, kiasi cha mita 3,000 na zaidi kutoka usawa wa bahari! Mtu anayepanda Kilimanjaro akimaliza msitu mkubwa hukuta vichaka na miti ya ukoo huo. Na sisi tunao hapa chini, karibu na mikoko, mahali ambapo sauti ya bahari inasikika. Kinachowaunganisha ni ardhi ya shida: kule ni baridi na upepo, huku ni mchanga usio na chakula, na mimea mingine inashindwa.

Ua la kichaka hiki ni dogo mno kwa simu. Piga tawi zima kwanza, kisha weka karatasi nyeupe nyuma ya kitawi kimoja. Ngezi ni hifadhi ya serikali. Pitia kwanza ofisi ya msitu, ulipe kiingilio, ufuate njia, na usikate kitu.

Tazama kwa macho, acha mizizi

Hapo kwenye kukata nina maneno. Kwenye nyanda za juu kusini mwa Tanzania kuna Kitulo, ambako wenyeji na wageni hupaita Bustani ya Mungu kwa wingi wa maua yake. Huko kuna maua ya jamii ya okidi ambayo yana viazi chini ya ardhi. Watu walichimba viazi hivyo kwa wingi wakaviuza Zambia, ambako hutengenezwa chakula kiitwacho chikanda. Ukichimba kiazi, umeua mmea. Maua yakapungua. Mwaka 2005 Kitulo ikafanywa hifadhi ya taifa, na sababu yake kubwa ilikuwa maua, si simba wala tembo.

Na upo mfano wa karibu zaidi. Mwaka 1892 ofisa mmoja Mjerumani aliyekuwa Tanga, Walter von Saint Paul, aliona kiua kidogo cha zambarau kwenye mawe yenye kivuli. Akapeleka kwao Ujerumani. Leo kiua hicho kimo madirishani mwa nyumba za Ulaya na Marekani kwa mamilioni, na watu wamepata fedha nyingi kwacho. Huku kwenye milima ya Usambara, katika misitu iliyobakia, aina zake nyingine zimekuwa adimu kwa sababu misitu imekatwa. Wanaokimwagilia maji huko Ulaya, wengi hawajui kwamba kwao ni ng'ambo tu ya bahari yetu.

Kwa hiyo ukikuta ua adimu, hasa okidi juu ya mti, piga picha uache lilivyo. Na usitangaze mahali penyewe kwa kila mtu. Andika kwenye daftari lako, mwambie ofisa wa misitu, basi.

Simu inayotaja majina

Zipo programu za simu, kama PlantNet na iNaturalist, ambazo ukizipa picha hukutajia jina la mmea. Zinasaidia. Katika iNaturalist watu wenye ujuzi hutazama picha yako na kusahihisha. Lakini programu hizi zinakosea, hasa kwa mimea ya kwetu, kwa sababu zimeonyeshwa picha chache za huku na picha nyingi za Ulaya. Kwa hiyo jina ulilopewa na simu liandike pembeni na uweke alama ya kuuliza.

Usile kitu kwa sababu simu imesema kinalika. Nitatoa mifano miwili. Kuna ua la pwani lenye petali nyekundu na manjano zilizogeuka kwenda juu kama ndimi za moto. Baadhi ya watu huliita mkalamu. Ni ua zuri ajabu, na lina sumu kuanzia jani mpaka mzizi. Kiazi chake ndicho kibaya kuliko vyote. Sri Lanka wapo watu waliokila wakidhani ni kiazi kitamu, wakafa. Mfano wa pili ni mnanaha, wengine husema mranaha, wenye ua refu jeupe kama tarumbeta na tunda la miiba. Huota jalalani na kandokando ya nyumba. Aliyekula huota kinywa kikavu, macho humtoka, husema maneno yasiyoeleweka, na anaweza kupoteza maisha.

Na sumu hiyo hiyo wakati mwingine ndimo mlimo na dawa. Mnakijua kile kiua cha waridi au cheupe chenye petali tano, kinachoota mchangani na makaburini bila kumwagiliwa? Asili yake ni Bukini, yaani Madagascar. Mwaka 1958 wataalamu wa Kanada walitangaza dawa waliyoitoa ndani yake, na baada ya hapo ikapatikana ya pili. Dawa hizo, vinblastini na vinkristini, hutumika mpaka leo kutibu saratani, ikiwemo saratani ya damu ya watoto. Lakini zinatengenezwa kiwandani kwa kipimo kidogo sana. Mtu akichemsha majani yake nyumbani akanywa, amekunywa sumu.

Kuhifadhi

Simu huanguka. Simu huzama majini dau likipinduka. Simu huibiwa. Picha zako zikikaa ndani ya simu moja tu, siku moja utazikosa zote. Mpe nakala kijana mwenye kompyuta, au mwalimu wa skuli, aziweke. Na zile zilizo bora zitoe kwenye karatasi, moja moja, uzibandike katika daftari mbele ya maandishi yake. Tumia gundi ya unga ukikosa ya dukani, lakini chunga mende, maana wanaipenda.

Ukitaka kuanza mwezi wa Juni au Julai, anza na mlakasa pwani. Haukimbii, haumdhuru mtu, na ua lake ni kubwa la kutosha kujifunzia. Yungiyungi lifuate, ukiwa na mtu wa kukushika mkono ukingoni mwa dimbwi. Mbuyu usubiri miezi ya vuli. Nenda na tochi magharibi ikiingia, ukae kimya chini yake, na uangalie juu.